Seti za prufu za Marekani, 1950 hadi 1964: tazama uso kabla ya mwaka

Prufu ni namna ya kutengeneza sarafu. Neno hilo halisemi chochote kuhusu hali ya sarafu leo. Kiwanda cha sarafu cha serikali kule Philadelphia kiling'arisha kalibu, yaani kile chuma chenye picha kinachoigonga sarafu, kikang'arisha na vipande vya madini vyenyewe. Kila kipande kikawekwa kwa mkono, kikagongwa zaidi ya mara moja, taratibu na kwa nguvu kubwa. Ndiyo maana uwanja wa sarafu, ile sehemu tupu inayozunguka picha, unang'aa kama kioo, herufi zina kona kali na ukingo umesimama wima. Sarafu hiyo ikitolewa kwenye seti ikazunguka madukani miaka mitano itabaki prufu, ila prufu iliyoharibika. Nalitanguliza hili kwa sababu matangazo mengi ya kuuza huandika "hali: prufu", na mnunuzi hulipa akidhani ameahidiwa ubora. Hajaahidiwa kitu.

Nashauri uanze na seti za 1950 hadi 1964. Zinapatikana kwa wingi, bei yake inavumilika, na ndizo ndugu zetu walioko Marekani hukutana nazo kwenye minada ya mali za marehemu na maduka ya rehani. Kila seti ina sarafu tano: senti moja ya shaba, senti tano ya shaba na nikeli, kisha tatu za fedha ya asilimia 90, yaani senti kumi (gramu 2.5), robo dola (gramu 6.25) na nusu dola (gramu 12.5). Jumla ya hizo tatu ni gramu 21.25, na ndani yake mna gramu 19.1 hivi za fedha safi, sawa na wakia 0.615 kwa wakia ya gramu 31.1 inayotumika kwenye bei ya fedha duniani. Kabla hujatoa pesa, zidisha bei ya wakia moja ya fedha siku hiyo kwa 0.615. Hapo ndipo chini kabisa pa seti, hata kama sarafu zake zimechakaa.

Juu ya hapo, wingi wa seti ndio unaoamua sehemu ya bei. Mwaka 1950 ziliuzwa seti 51,386 tu, kwa dola 2.10 kila moja. Mwaka 1953 zikawa 128,800, mwaka 1957 zikapita milioni 1.2, na mwaka 1964 zikafika 3,950,762. Kwa hiyo seti ya 1950 hadi 1953 ina bei kwa uchache wake, na seti ya 1957 hadi 1964 iliyo ya kawaida haiendi mbali sana na thamani ya fedha iliyomo. Lakini seti hiyohiyo ya kawaida, ikiwa nusu dola yake ina uso wa aina fulani, inaweza kuuzwa mara nyingi ya bei hiyo. Uso huo ndio ninaotaka tukae nao.

Ule weupe juu ya picha

Chukua nusu dola ya Franklin, iliyopigwa hadi 1963. Upande mmoja una kichwa cha Benjamin Franklin, upande wa pili una ile kengele yenye ufa. Kwenye sarafu nyingi za prufu za miaka hiyo, kichwa na uwanja vyote vinang'aa vilevile, kioo juu ya kioo. Kwenye chache, uwanja ni kioo kinachoonekana cheusi ukiuinamisha, na kichwa ni cheupe kama kilichopakwa chokaa. Wakusanyaji huita hali hiyo kameo.

Uchache wake unatokana na kazi ya kiwandani. Kalibu mpya ilitumbukizwa kwenye asidi nyepesi, ikapata ukwaruziko mdogo sana juu yake pote, kisha uwanja peke yake ukang'arishwa tena. Ule ukwaruziko uliobaki ndani ya picha ndio uliozaa weupe. Lakini kila pigo lililainisha kalibu. Sarafu za kwanza chache zilitoka nyeupe kabisa, zilizofuata zikafifia, na zile za mwisho zikatoka bila weupe wowote. Miaka ya 1970 kalibu zilianza kupakwa kromi, weupe ukadumu, na leo kameo ni jambo la kawaida kwenye seti mpya. Kwa hiyo usimlipe mtu ziada kwa kameo ya 1995. Kwa kameo ya 1952, lipa.

Namna ya kuikagua ni hii. Zima taa ya chumba. Washa taa moja ya mezani yenye balbu moja, iwe ya nyuzi ya wati 75 au ya halojeni. Taa ndefu ya tyubu haifai, kwa sababu mwanga wake hutawanyika na kuficha mikwaruzo. Tandika taulo laini mezani ili sarafu ikiponyoka isigonge mbao. Nawa mikono, ikauke, kisha ishike sarafu kwa ukingo tu, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule. Iweke chini ya taa kiasi cha sentimita 30, uiinamishe polepole kama unayemwaga maji kwenye sahani, huku ukiizungusha. Weupe ukionekana kwenye shavu la Franklin lakini ukatoweka kwenye nywele au bega, hiyo ni nusu ya safari. Geuza. Kengele nayo lazima iwe nyeupe, pamoja na boriti inayoishikilia na yule tai mdogo pembeni. Kampuni zinazopanga madaraja ya ubora wa sarafu hazitoi sifa ya kameo kwa sarafu iliyo nyeupe upande mmoja tu, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia, kwa sababu picha ya mtandaoni huonyesha upande ule mzuri.

Jihadhari pia na picha yenyewe. Taa ikiwekwa kwa pembe fulani, hata sarafu isiyo na weupe huonekana nyeupe. Omba picha tatu za kila upande kwa pembe tofauti, au video fupi sarafu ikizungushwa. Muuzaji asiyetaka kutoa, achana naye.

Mikwaruzo: iliyozama na iliyoinuka

Madaraja ya prufu huhesabiwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, na prufu isiyoguswa huanzia 60. Herufi PR au PF hutangulia namba. Tofauti ya 63 na 66 karibu yote inatokana na mikwaruzo myembamba kama unywele kwenye uwanja. Kwenye 60 hadi 62 unaiona mara moja, imejaa. Kwenye 63 unaiona kwa macho ukiinamisha sarafu. Kwenye 65 unahitaji lenzi, na hata hivyo ni michache, kioo kiko safi. Kwenye 67 unaitafuta. Namba 70 ni sarafu isiyo na dosari hata chini ya lenzi inayokuza mara 5, na kwa sarafu za miaka hii usiijengee matumaini. Lenzi ya mara 5 hadi 10 inatosha kabisa. Ya mara 20 itakuonyesha vitu visivyohusika na daraja, itakuvunja moyo bure.

Kosa linalogharimu sana ni kuichanganya mistari ya aina mbili. Uwanja wa kalibu uliponolewa na kung'arishwa, chombo kiliacha mifereji midogo kwenye chuma, na mifereji hiyo ikatoka kwenye sarafu kama mistari iliyoinuka. Hiyo ni alama ya kuzaliwa, haishushi daraja. Mikwaruzo ya kufutwa na kitambaa imezama. Kuitofautisha, fuata mstari mmoja kwa lenzi hadi ufike kwenye picha. Mstari wa kalibu hukoma pale pale uwanja unapoishia, kwenye ukingo wa shavu au wa herufi. Mkwaruzo wa kitambaa hupanda juu ya herufi na kuendelea upande wa pili. Ukiona mingi inayokwenda mwelekeo mmoja, mtu ameifuta sarafu hiyo, na hakuna dawa inayorudisha.

Kuna na vijimfereji vifupi vilivyojipinda kama uzi uliodondoka. Huo kweli ni uzi: ulitoka kwenye kitambaa cha kufutia kalibu, ukabaki juu yake, sarafu ikagongwa ukiwa katikati. Chini yake ni laini, haung'ai kama mkwaruzo mpya. Ukiwa mdogo na uko pembeni, haushushi sana. Ukiwa katikati ya shavu, unashusha.

Vifungashio, na kile vinachoifanyia sarafu

Kuanzia 1950 hadi katikati ya 1955 kila sarafu ilitiwa kwenye kifuko chake cha selofani, vifuko vitano vikabanwa pamoja kwa pini ya stepla, vikafungwa kwa karatasi nyororo na kuwekwa kwenye kisanduku kidogo cha kadibodi. Mwaka 1955 kiwanda kikahamia kwenye pakiti bapa ya plastiki yenye vyumba: sarafu tano na lebo ya duara ya kiwanda, ndani ya bahasha ya kaki. Seti za 1955 zinapatikana kwa namna zote mbili.

Kisanduku kina maadui wawili. Wa kwanza ni ile pini. Inapata kutu, na kutu ikianguka kwenye nusu dola inaacha doa la kahawia ambalo halitoki. Usiivute pini kwa mkono, maana mguu wake huteleza na kuchana uwanja. Kata mdomo wa kifuko kwa mkasi, mbali na sarafu, uinamishe kifuko na sarafu iteleze yenyewe kwenye taulo. Adui wa pili ni salfa iliyomo kwenye karatasi na kadibodi, inayogeuza fedha kuwa ya manjano, kisha bluu, kisha nyeusi kuanzia ukingoni. Rangi nyepesi na nzuri haishushi daraja, na wapo wanaoitafuta. Nyeusi iliyokula kioo inashusha. Kwa maoni yangu, selofani yenye umri huu haistahili kubaki na sarafu. Hamisha sarafu, lakini hifadhi kisanduku na vifuko vyake, kwa sababu mnunuzi atavitaka.

Pakiti bapa ni salama zaidi, ingawa plastiki yake hujikunja na mara nyingine huacha utando wa kibluu juu ya fedha. Kama sarafu ziko safi, ziache. Kama utando umeanza, zitoe.

Utando huo, mafuta na ule utelezi wa kijani unaosababishwa na mifuko laini ya PVC, aina ya plastiki, huondolewa kwa asetoni safi. Ile ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu ina mafuta na manukato. Andaa bakuli mbili za kioo, kamwe si za plastiki, maana asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki na kuipaka sarafu yako. Fungua madirisha, weka moto mbali. Itumbukize sarafu kwenye bakuli la kwanza kwa dakika 5 hadi 10, iinue kwa ukingo, isuuze kwenye bakuli la pili lenye asetoni mpya, isimamishe kwa ukingo juu ya karatasi laini. Itakauka yenyewe ndani ya sekunde chache. Usifute, usipanguse, usiguse kwa pamba. Asetoni haitoi rangi ya salfa wala alama ya kidole iliyokwisha kula chuma, na anayekuuzia dawa ya kutoa hivyo anakuuzia asidi inayochukua tabaka la juu la sarafu.

Kuhusu kusafisha kwa ndimu, majivu, dawa ya meno au magadi: sarafu ya prufu inakufa hapo hapo. Sufuria inafaidika, sarafu haifaidiki. Nimeliweka wazi kwa sababu nyumbani kwetu mtu mwema akiona fedha imepauka, hamu ya kwanza ni kuisugua ing'ae.

Anayehifadhi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ana kazi ya ziada, maana hewa yetu ina unyevu na chumvi. Weka kila sarafu kwenye kibweta kigumu cha akriliki kinacholingana na kipenyo chake (nusu dola milimita 30.6, robo 24.3, senti tano 21.2, senti moja 19, senti kumi 17.9). Vibweta viingie kwenye chombo kinachofungwa kwa mpira wa kuzuia hewa, pamoja na pakiti za silika jeli zinazobadilika rangi zikishalowa. Zikibadilika zikaushe kwenye jiko la oveni kwa maelekezo yaliyo kwenye pakiti. Usizifunge sarafu kwa raba bendi, usizizungushie gazeti, usitupie naftalini kabatini, na usiziweke moja kwa moja kwenye sanduku la mbao, kwa kuwa mbao nazo hutoa mvuke wa asidi. Kuhusu mifuko, ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ndiyo yenye PVC. Iache.

Kuangalia kama seti imechezewa

Seti iliyofunguliwa si seti mbovu, ila lazima ujue nani ametoa nini. Mchezo unaojulikana ni kuchomoa nusu dola yenye weupe na kurudisha ya kawaida. Kwenye pakiti bapa, pitisha kucha juu ya mshono wa kila chumba. Mshono wa kiwanda una alama za kubanwa zinazolingana kwenye vyumba vyote, na uliokatwa na kufungwa upya huwa na makali au gundi. Kwenye kisanduku, stepla mpya inayong'aa ilhali selofani imegeuka manjano ni jibu tosha.

Mchezo mwingine ni kuingiza sarafu ya kawaida iliyong'arishwa. Mizani ndogo ya usahihi wa gramu 0.01 haitakusaidia, kwa sababu uzito ni uleule. Tazama ukingo: wa prufu una kona kali ya mraba, wa kawaida una duara. Kisha tazama ndani ya herufi zilizofumba kama D au R. Kwenye prufu, kioo kinaingia hadi humo. King'arishio cha mkono hakifiki.

Bahasha "isiyofunguliwa" huuzwa ghali zaidi. Gundi hufunguka kwa mvuke na hurudi. Nashauri ulipe bei ya seti iliyofunguliwa, si zaidi.

Usikubali pia kuuziwa seti ya 1965, 1966 au 1967 kwa jina la prufu. Miaka hiyo Marekani haikutengeneza prufu kwa sababu ya upungufu wa sarafu. Kilichouzwa ni seti maalumu zenye uso mzuri lakini wa namna nyingine, na robo dola na senti kumi hazina tena fedha. Prufu zilirudi 1968, safari hii zikipigwa San Francisco na kubeba herufi S. Kalibu chache zilisahauliwa bila S: senti kumi za 1968, 1970 na 1983, senti tano ya 1971, senti moja ya 1990. Ukikuta seti ya miaka hiyo kwa bei ya kawaida, angalia herufi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya kipindi chetu, mambo matatu yanastahili lenzi. Senti moja ya 1960 ina tarehe kubwa na ndogo; kwenye ndogo, mkia wa 6 ni mfupi na 0 ni duara, kwenye kubwa mkia umenyooka juu na 0 ni yai. Ndogo ndiyo adimu. Nusu dola ya 1961, tazama maneno E PLURIBUS UNUM. Kuna kalibu iliyoyatoa mara mbili waziwazi. Nusu dola ya Kennedy ya 1964, kuna ya awali yenye nywele nzito juu ya sikio, na herufi I ya LIBERTY imekosa kisigino chake cha chini kushoto.

Macho uliyoyafunza kwa seti hizi yatakusaidia na kwetu. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, sarafu zake za kwanza za senti 5, 20, 50 na shilingi 1 zilipigwa pia kwa prufu. Ukikutana na ile ya mbuni, sungura au mwenge ikisemwa kuwa ni prufu, mtihani ni uleule: ukingo, ndani ya herufi, na mistari inayokoma au isiyokoma kwenye picha.

Kupeleka kupangiwa daraja

Kampuni mbili zinazoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987. Lebo ya PCGS huandika CAM kwa kameo na DCAM kwa ile yenye weupe mzito. NGC huandika Cameo na Ultra Cameo. Gharama ya sarafu moja, pamoja na posta na bima ya kwenda na kurudi, mara nyingi huzidi bei ya seti nzima ya 1962. Kwa hiyo usipeleke seti. Peleka sarafu moja, na iwe imetimiza yote haya: nyeupe pande zote mbili bila kipara kwenye shavu, mikwaruzo isiyoonekana bila lenzi, isiyo na utando wala alama ya kidole. Nusu dola ndiyo kwanza, kwa sababu uwanja wake mpana hauvumilii mguso na safi ni chache. Senti moja ya shaba yenye weupe nayo ni ya kuangaliwa, mradi haijapata madoa meusi.

Isafirishe kwenye mfuko mgumu wa Mylar, yaani plastiki isiyo na PVC, ubane kati ya kadibodi mbili zilizoizidi kwa sentimita 2 kila upande, zifungwe kwa utepe ambao haugusi mfuko. Kabla hujafunga, piga picha pande zote mbili chini ya ile taa ya mezani, kwa pembe zilezile tatu, ili ikirudi uweze kuilinganisha.